Sura ya Sita: Baba Amekufa, Karatasi za Urithi Ziko Wapi?

Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, swali hili huja kilio kikishakwisha, wageni wakisharudi makwao na viti vya kukodi vikisharudishwa. Mjane anauliza: "Shemeji anasema amepata jugement, nyumba sasa ni yake. Ni kweli?" Binti aliyeolewa Kolwezi anataka kuona hukumu ambayo kaka yake mkubwa anaificha. Kijana aliyekuwa Afrika Kusini anarudi na kukuta wapangaji wageni katika parseli ya baba yake, nao wanamwonyesha mkataba uliotiwa sahihi na mtu anayejiita "liquidateur".

Jibu la kwanza ni hili: Lubumbashi hakuna ofisi moja inayotunza jalada lote la urithi. Kila ofisi ina kipande chake. Jibu la pili linawashangaza wengi: hukumu ya urithi si siri ya jamaa. Katiba ya 18 Februari 2006 inataka hukumu iandikwe, itoe sababu, na isomwe mbele ya watu. Kwa hiyo hukumu ambayo kaka ameifungia kabatini ina nakala mama mahakamani, na anayeitunza ni karani wa serikali.

Ugomvi mwingi wa urithi ninaouona mjini hapa haukui kwa sababu sheria haipo. Unakua kwa sababu mtu mmoja anazo karatasi, wengine wanasikia habari zake tu. Sura hii inaeleza namna ya kuzitafuta, na namna ya kuzisoma ukishazipata.

Jamaa wawili, mila mbili, sheria moja

Mji huu ulianza 1910 kwa jina la Élisabethville, na shaba ndiyo iliyouleta. Union Minière, kampuni ya migodi, na reli waliita watu kutoka kila upande: Walamba na Wabemba wa karibu, Waluba wa Katanga na wa Kasai, na wengine kutoka mbali zaidi. Kila mmoja alikuja na mila yake ya urithi. Kwa Mbemba au Mlamba, ukoo unapita kwa mama. Mali ya marehemu ilielekea kwa ndugu zake wa tumbo moja na kwa wapwa wake, watoto wa dada. Kwa Mluba ukoo unapita kwa baba. Sasa waweke watu hao katika uwanja mmoja, waoane, wazae, wajenge nyumba ya matofali. Mume akifa, nyumba ni ya nani?

Wakoloni walilijibu swali hilo kwa kuwatenga watu. Mzungu alikuwa na mahakama zake na sheria ya maandishi. Mweusi wa mjini, baada ya amri ya 1931 iliyounda "centres extra-coutumiers", yaani mitaa ya Waafrika iliyo nje ya mamlaka ya machifu, alipelekwa kwenye mahakama ya kituo, ambako waamuzi waliamua kwa mila, au kwa mchanganyiko wa mila waliouona unafaa. Kesi za aina hiyo zilivutia hata wanasheria wa Kizungu: kuanzia miaka ya 1930 kulikuwa na jarida lililochapwa hapa hapa mjini kuhusu mahakama za Waafrika na sheria za mila.

Kanuni ya Jamaa, "Code de la famille", ilitiwa sahihi tarehe 1 Agosti 1987, ikaifunga milango hiyo yote miwili na kufungua mmoja. Tangu hapo Mkongomani yeyote, awe wa ukoo wa mama au wa baba, anarithiwa kwa mpango mmoja, na watoto wake ndio wa kwanza. Kanuni ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kati ya yaliyobadilika, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili asimame mahakamani. Lakini sheria ilibadilika upesi kuliko fikra za watu. Hata leo, kwenye kilio, utamsikia mjomba akisema nyumba ni ya ukoo. Anasema kweli yake, ile ya babu yake. Mahakamani kweli hiyo haitoshi tena.

Vipande vya jalada na mahali vilipo

Tuchukue mfano wa kubuni, tutembee nao hadi mwisho wa sura. Mzee mmoja mstaafu wa SNCC, kampuni ya reli, amekufa. Alikaa Bel-Air, komine ya Kampemba. Ameacha mke aliyefunga naye ndoa komine, watoto 4 wa ndoa, mtoto 1 aliyezaliwa nje ambaye alimtambua rasmi angali hai, mama yake mzazi aliye Likasi, na wadogo zake 2. Ameacha nyumba yenye hati. Karatasi zake zitapatikana hivi:

- Komine, ofisi ya "état civil" (uandikishaji wa raia): "acte de décès", yaani cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, pamoja na maandishi ya kumtambua mtoto wa nje, ambayo yanaitwa "affiliation". Karatasi ya hospitali peke yake si cheti cha kifo. Hiyo ni ya kupeleka komine ili cheti kiandikwe.
- Nyumbani kwa mmoja wa jamaa: "procès-verbal de conseil de famille", ripoti ya kikao cha jamaa kilichomchagua msimamizi. Hii isomwe kwa makini kuliko zote, nami nitairudia.
- Mahakamani, kwenye "greffe", ofisi ya makarani: hukumu ya kumthibitisha msimamizi, na kila kesi iliyofuata.
- Ofisi ya "Titres Immobiliers", ya hati za ardhi na majengo: "certificat d'enregistrement", hati ya nyumba, na maandishi ya kila mara ilipobadilishwa jina.
- Kwa notaire, mthibitishaji wa nyaraka, au état civil, kama mzee aliacha wosia rasmi.

Pesa za kazini zina njia yake. Pensheni ya wajane na yatima inaombwa CNSS, ile tuliyoizoea kwa jina la INSS, na malimbikizo ya mshahara yanadaiwa kwa kampuni. Msimchanganye msimamizi wa urithi na haki ambayo CNSS inamlipa mjane mwenyewe.

Kuhusu wosia neno moja tu. Sheria inakubali aina 3: ulioandikwa mbele ya notaire au ofisa wa état civil, ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, ukiwa na tarehe na sahihi, na wa mdomo, kwa mtu aliye karibu kufa, mbele ya mashahidi. Karatasi iliyopigwa chapa kwenye kompyuta, ikawekwa kidole gumba cha mgonjwa, haimo katika hizo tatu, hata ikiwa na mihuri mingapi.

Mahakama ipi?

Urithi hufunguliwa mahali marehemu alipokuwa na makao yake ya mwisho. Mzee wetu angefia hospitali ya Lusaka au Kinshasa, mahakama ingebaki ya Lubumbashi, kwa kuwa makao yake yalikuwa Bel-Air. Ni kosa la kawaida kutafuta hukumu katika mji wa mazishi.

Hapo Lubumbashi kuna ngazi mbili za kuangalia: Tribunal de paix, ambayo kila mtu huiita Tripaix, na Tribunal de grande instance, TGI. Urithi mdogo huenda Tripaix, mkubwa huenda TGI, lakini mipaka ya thamani haifuatwi na watu kwa uangalifu sana. Kwa hiyo kama hujui, uliza greffe zote mbili kabla ya kusema hukumu haipo. Na kama kulikuwa na rufaa, kuna jalada jingine kwenye Cour d'appel, lenye namba yake.

Kwenye meza ya greffe

Hapa ndipo watu wanapokwama, na sababu ni moja. Wanaingia wakitaja jina la marehemu. Karani anafungua daftari, anatazama, anasema hayupo. Hayupo kweli! Marehemu hakufungua kesi. Daftari la kesi za madai hufuata namba na tarehe, na majina yaliyomo ni ya wenye kesi: yule aliyeomba, na yule aliyeitwa kujibu, kama yupo. Kwa hiyo tafuta jina la aliyeomba: kaka mkubwa, baba mdogo, mjane wa pili.

Ufunguo wa kila kitu ni namba ya RC, yaani "rôle civil", orodha ya kesi za madai. Ukiwa nayo, jalada hupatikana upesi. Huna? Itafute nje ya mahakama kwanza. Imeandikwa juu ya kila barua ya huissier, tarishi wa mahakama. Imo katika mkataba ambao "liquidateur" alimpa mpangaji, kwa maana mpangaji mwangalifu hudai kuonyeshwa hukumu. Imo katika jalada la Titres Immobiliers, kama hati imeshabadilishwa jina. Huna hata kimoja? Basi toa jina la mwombaji na mwaka, wakati mwingine na mwezi, kisha omba daftari la kipindi hicho litazamwe.

Andika barua fupi kwa mkuu wa greffe: jina lako, uhusiano wako na marehemu, namba ya RC au jina la mwombaji, na unachotaka. Ukisema tu "nataka jugement" utaulizwa ipi. Kuna "expédition", nakala iliyothibitishwa ya hukumu. Kuna "grosse", nakala yenye amri ya kutekelezwa, ambayo hupewa aliyeshinda. Na kuna "certificat de non-appel", cheti kwamba hakuna aliyekata rufaa. Mrithi anayetaka kujua kilichoamuliwa anahitaji expédition. Salamu nazo zina kazi yake: "Papa greffier, jambo, naomba msaada wa kutafuta jalada" hufungua mdomo wa karani kuliko sauti ya juu ya mtu aliyekuja na hasira za kilio. Nakala inalipiwa, lipa panapotolewa risiti. Atakayekuomba matabishi, yaani bakshishi, ili daftari lionekane, mwombe naye aandike jina lake chini ya risiti. Mara nyingi daftari litaonekana bila hiyo.

Kwa ufupi: mahakama ya makao ya mwisho, Tripaix na TGI zote mbili, jina la mwombaji, si la marehemu, namba ya RC, expédition.

Kusoma hukumu kuanzia mwisho

Hukumu ya Kongo ina sehemu zinazofuatana daima. Juu ni jina la mahakama, namba ya RC na tarehe ya kikao cha wazi. Kisha majina ya wahusika. Halafu aya nyingi zinazoanza na "Attendu que", ambazo ndizo sababu za hakimu. Mwisho, maneno "Par ces motifs", na baada yake uamuzi wenyewe. Mgeni wa karatasi hizi aanze hapo chini. Kabla ya "Par ces motifs" hakuna kilichoamuliwa. Kuna mazungumzo tu. Nimewaona watu wakipigana kwa sababu ya sentensi ya juu ambamo hakimu alikuwa akirudia tu maneno ya mdai.

Ukishasoma uamuzi, rudi juu utafute mambo haya. Je, hukumu ilitolewa "contradictoirement", yaani pande zote zilifika, au "par défaut", mmoja hakufika? Au ni "sur requête", mtu mmoja aliomba na hakuna mwingine aliyeitwa? Hukumu nyingi za kumthibitisha msimamizi ni za aina hii ya mwisho. Hazimaanishi kwamba jamaa wote walikubali mbele ya hakimu. Zinamaanisha kwamba mtu mmoja alileta procès-verbal ya kikao cha jamaa na hakimu akaiamini.

Ndiyo maana nilisema kikao hicho kisomwe kwa makini. Hesabu sahihi. Ni nani ametia sahihi kwa jina la mtoto aliyekuwa Kolwezi siku hiyo? Mjane yumo? Mtoto wa nje ameandikwa kati ya warithi, au jina lake limerukwa? Linganisha orodha hiyo na vyeti vya komine. Vikitofautiana, umeshapata kazi ya kumpa wakili.

Liquidateur si mwenye nyumba

Liquidateur ni msimamizi wa urithi, basi. Pasipo wosia, sheria inamtaja mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, au, yeye akikataa, yule ambaye warithi wamemchagua, kisha mahakama humthibitisha. Kazi yake ni kuwatambua warithi, kuhesabu mali, kulipa madeni ya marehemu, kugawa, na kutoa hesabu. Hukumu inayomthibitisha haimpi nyumba. Inampa kazi. Shemeji wa yule mjane wa mwanzo wa sura amepata kazi, na anaweza kudaiwa hesabu yake.

Turudi kwa mzee wetu wa reli. Tuseme nyumba ina thamani ya dola 48,000, na alioa chini ya mpango wa mali za pamoja zilizochumwa katika ndoa, "communauté réduite aux acquêts". Nyumba ilinunuliwa wakiwa wameoana. Kabla ya kusema neno "urithi", nusu ni ya mjane: 24,000. Hiyo ni mali yake mwenyewe, aliyoichuma na mumewe, haigawiwi. Urithi ni 24,000 zilizobaki.

Robo tatu ya urithi huenda kwa warithi wa kundi la kwanza, watoto: 18,000. Watoto ni 5, pamoja na yule wa nje aliyetambuliwa, nao wanapata sawasawa: 3,600 kila mmoja. Mvulana na msichana sawa, mkubwa na mdogo sawa. Robo iliyobaki, 6,000, huenda kwa kundi la pili, lenye sehemu tatu: mume au mke aliyebaki, wazazi, na ndugu. Kila sehemu inapata moja ya kumi na mbili ya urithi, hapa 2,000. Mjane, 2,000. Mama wa Likasi, 2,000. Wadogo wawili wa marehemu wanagawana 2,000, yaani 1,000 kila mmoja.

Baba mdogo anayesema "nyumba ni yetu" ana haki ya dola 1,000 katika nyumba ya 48,000. Ni kitu, lakini si nyumba. Na juu ya hesabu hiyo yote, mjane ana "usufruit": haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakikaa na kutumia vyombo vyake, hata pale sehemu kubwa ya thamani ni ya watoto. Msimamizi anayeuza nyumba hiyo bila mjane na warithi wengine kukubali anamuuzia mnunuzi wake kesi.

Ndoa hapa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwanamke aliyelipiwa mahari akakaa miaka thelathini bila ndoa kuandikishwa komine atalazimika kwanza kuthibitisha kwamba yeye ni mke. Jambo hili linawaumiza wajane wengi wa mji huu, na linaweza kutengenezwa komine mume angali hai.

Ukikuta jina lako halimo

Aliyekuwa upande katika kesi ana siku 30 za kukata rufaa, na siku hizo huhesabiwa tangu hukumu ilipofikishwa kwake rasmi na huissier. Ambaye hakuitwa kabisa, na hukumu inamnyima haki, ana njia nyingine inayoitwa "tierce opposition": anarudi mahakama ile ile iliyotoa hukumu na kusema, mimi nilikuwa nje, nisikilizwe. Hii ndiyo njia ya binti wa Kolwezi na ya kijana wa Afrika Kusini.

Ila kuna saa nyingine inayokimbia, nayo haiko mahakamani. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, udongo wote ni wa Taifa, na haki ya mtu juu ya parseli inathibitishwa na certificat d'enregistrement. Ili jina la marehemu liondolewe kwenye hati, Titres Immobiliers hudai amri ya mahakama inayoitwa "ordonnance d'investiture". Jina jipya likishaandikwa, hati hiyo ina nguvu sana: sheria inatoa miaka 2 ya kuomba ifutwe kama ilipatikana kwa hila au kwa siri, na baada ya hapo mara nyingi kinachobaki kudai ni fidia ya pesa, nyumba imeondoka. Kwa hiyo nenda Titres Immobiliers mapema, hata kabla ya kumpata wakili. Mji umegawanywa kati ya ofisi, zikiwemo Lubumbashi-Est na Lubumbashi-Ouest. Uliza parseli yako iko upande gani, toa namba ya volume na folio iliyo juu ya hati ya zamani, na uliza jina lililoandikwa leo. Kama bado ni la baba, pumua. Kisha peleka barua ya kupinga mabadiliko yoyote, wakupigie muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Parseli zisizo na hati, zenye fiche parcellaire (karatasi ya parseli) ya komine au livret de logeur (kitabu cha mwenye nyumba) ya zamani tu, zina udhaifu wake: jina linabadilishwa ofisini kwa urahisi zaidi. Hapo ushahidi wako ni majirani, risiti, na maandishi ya kartie.

Jalada likikosekana

Mafaili hupotea. Mvua inaingia, ofisi zinahama, na kuna mafaili yanayopotea kwa sababu mtu anataka yapotee. Usikubali jibu hilo mara ya kwanza. Daftari la RC na jalada ni vitu viwili. Jalada likiwa halipo, mstari wa daftari unaweza kuwapo, na mstari huo unatosha kuthibitisha kwamba kesi ilikuwapo, nani aliifungua na lini. Kuna pia "plumitif", karatasi ambapo karani huandika yanayosemwa kila kikao. Wakili wa upande wa pili ana nakala. Huissier aliyepeleka hukumu naye aliandika alichopeleka. Na kama hati ya nyumba imebadilishwa jina, basi karatasi ya mahakama iliyotumika iliachwa Titres Immobiliers, ndani ya jalada la parseli, kwa kuwa conservateur, mkuu wa ofisi hiyo, haruhusiwi kubadilisha jina bila hiyo. Omba kwa barua uonyeshwe karatasi hiyo. Akikujibu kwamba katika jalada la parseli hakuna amri yoyote ya mahakama, omba jibu hilo nalo liwe kwa maandishi, kisha lipeleke kwa wakili siku hiyo hiyo.